Aliyemwokota Vretos

Thimios mgema utomvu alipomfukuza mshenga wa tatu, kijiji kizima kilikata shauri kwamba mzee amerukwa na akili. Jamani, mtu ana binti mmoja tu duniani, binti mwenyewe kampenda kijana asiye na doa, kijana ana mizeituni yake na mikono isiyojua uvivu, halafu baba anasema hapana! Hapana kwa nini? Hasemi. Anafunga mlango, anarudi uani kuosha makopo yake ya utomvu. Mshenga wa kwanza aliondoka na hapana, wa pili akaondoka na hapana, na wa tatu alikuwa padri mwenyewe, akatoka pale ndevu zinamtetemeka kwa hasira.

"Kakaa na misonobari mpaka kawa gogo," wakasema wanaume mkahawani.

"Afadhali gogo, linapasuliwa," akajibu mwingine, na wote wakacheka.

Asimina aliwasikia akipita na kapu lake la horta za kuchemsha, zile mboga za porini, na kicheko kile kilimchoma kama kapigwa yeye. Alikuwa mkunga wa kijiji kwa miaka arobaini, sasa magoti yamechoka na watoto wanazaliwa hospitali ya mjini, lakini bado watu walisimama kumpisha akiingia kanisani. Katika kijiji kile ni yeye peke yake, mbali na Thimios, aliyejua ile hapana imetoka wapi. Alijua kwa sababu aliipanda kwa mkono wake. Na alikuwa kimya, macho makavu, kana kwamba hayamhusu. Tusimwonee huruma haraka.

Siku hiyohiyo, kabla mboga hazijaiva, Garufalia akaja kubisha. Huyu ndiye mama wa kijana. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti kubwa, na alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili siku ya Jumatano.

"Bibi Asimina, nimekuja kukushika miguu," alisema, hata kuketi hajaketi. "Washenga wameshindwa, padri kashindwa. Umebaki wewe. Wewe ndiye uliyempokea Vretos wangu, wewe ndiye uliyempokea Stamatia. Thimios hawezi kukufukuza. Nenda kaniongelee."

"Mimi mzee, mwanangu. Maneno ya posa yanataka mtu mwenye meno."

"Bibi, usinifanyie mzaha. Mtoto wangu hali. Anakaa na sahani mbele yake kama sanamu la kanisani. Nimezika watatu ili nimpate huyu mmoja, nawe unajua. Halafu gogo la msituni linimalizie kwa neno moja tu?"

Asimina alimpa kijiko cha matunda ya sukari na glasi ya maji, kama inavyompasa mgeni, na maji yakamwagika sinia zima. Garufalia alidhani ni uzee. "Nitakwenda kesho," akasema Asimina, na Garufalia akambusu mashavu yote mawili. Lo, yale mabusu! Afadhali angempiga.

Sasa sikiliza jambo lilivyokuwa. Miaka ishirini na minne nyuma, Garufalia alikuwa amezaa mara tatu na kuzika mara tatu, hakuna hata mmoja aliyefika siku arobaini. Wa nne alipozaliwa mwezi wa kwanza, theluji iko mpaka kwenye vizingiti, wakafanya lile ambalo nyumba yenye vifo hufanya. Mtoto anafungwa katika blanketi la sufu, anapelekwa njia panda alfajiri, analazwa chini. Atakayepita kwanza, awe nani awe nani, ndiye anamwokota, ndiye anampa jina, ndiye anakuwa baba yake wa ubatizo. Hapo kifo kinapotea njia: kinakuja kumtafuta mtoto wa Garufalia, kinamkuta mtoto wa barabarani. Naye huitwa Vretos, yaani Aliyepatikana. Mkunga kazi yake ni kujificha karibu na kulinda mbwa na mbweha wasimkaribie, basi. Haruhusiwi kuchagua mpitaji. Hilo ndilo sharti lenyewe.

Asimina alijificha nyuma ya ukuta wa kikanisa kidogo pale njia panda. Mwanga ulitoka, jua likapanda, asipite mtu. Mtoto alilia, kisha akalia kidogo, kisha akanyamaza. Mkunga anajua kimya cha aina ile. Alikuwa anauma kidole asitoke mbio, mara akasikia miguu kwenye theluji, akachungulia. Alikuwa Thimios, na tezo lake la kugemea begani.

Thimios, ambaye majira ya vuli yaliyotangulia aliwazika wanawe wawili wiki moja! Mkewe alikuwa bado amelala kitandani anautazama ukuta. Akina mama waliwavuta watoto wao kando alipopita, si kwa chuki, kwa woga tu. Na huyo ndiye aliyepitishwa na Mungu.

Thimios alimwona mtoto, akatupa tezo. Akamfunua uso, na uso ulikuwa wa buluu. Hakusita hata kidogo. Mtoto akiwa anakata roho na padri yuko mbali, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza hewani, na Thimios alilijua hilo kuliko sisi wote, maana alikuwa amewafanyia wanawe. Alimwinua juu mara tatu kuelekea mashariki, na sauti yake ikavuka mpaka ukutani: "Mtumishi wa Mungu Vretos anabatizwa, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kisha akafungua koti na shati, akamlaza mtoto kwenye ngozi ya kifua chake, akamsugua mgongo, akampulizia pumzi puani, akalia, akamsugua tena. Mtoto akapiga chafya. Halafu akapiga kelele, kelele nzuri ajabu.

Asimina angepaswa kupiga magoti palepale amshukuru Mungu. Badala yake alitoka nyuma ya ukuta akasema: "Nipe huyo."

"Dada Asimina, ni wa nani? Nimempa jina. Yuko hai, mwone!"

"Ni wa Garufalia. Thimios, mlaze chini uende zako."

"Niende? Nimemwokota mimi."

Hapo ndipo Asimina alisema lile neno. Alikuwa na baridi, alikuwa na hofu, alikuwa na mama mmoja nyumbani ambaye angekufa kwa kihoro cha mtoto wa nne. Visingizio hivyo vyote alivihesabu baadaye usiku na mchana. Lakini neno alilisema: "Mkono wako umezika wawili. Usimshike mtoto wa mwenzio."

Thimios akamtoa mtoto kifuani, akamfunga vizuri, akamlaza kwenye theluji palepale alipomkuta. Na Asimina hakutosheka. Alimlisha yamini, kwa makaburi ya wanawe, kwamba hatamwambia binadamu yeyote alichofanya. Thimios akala yamini, akachukua tezo lake, akaenda msituni.

Robo saa baadaye alipita Mwalimu Kleanthis, msafi, hajazika mtu, akamwokota mtoto aliyekwisha kuokotwa. Jumapili padri akambatiza mtoto aliyekwisha kubatizwa. Na mezani, baada ya mvinyo kuzunguka, mwalimu, Mungu amrehemu, alisimama akatoa darasa, maana hakuweza kuona jina bila kulichambua. Jina hili, alisema, zamani lilianza na irabu, ndimi za wakulima zikaidondosha njiani. Ukimsema hayupo, ni Vretos, na herufi S mwishoni. Ukimwita usoni, hiyo S inaanguka: Vreto, njoo! Halina mtakatifu wake, kwa hiyo sikukuu yake itakuwa Jumapili ya Watakatifu Wote. "Na tazameni, ndugu zangu, ni jina linalomtaja aliyepatikana, lakini aliyempata halimtaji kabisa." Watu wakapiga makofi. Asimina mvinyo ulimpalia, wakampigapiga mgongoni, yeye akasema ni mfupa wa samaki.

Mtoto akaishi. Miaka miwili baadaye Thimios naye akapata binti, wakamwita Stamatia, jina linalotokana na kukiambia kitu simama, koma. Walikuwa wanakiambia kifo: basi, yatosha. Kikakoma. Asimina alimpokea huyo binti pia, na Thimios alimpa asante na chupa ya mafuta, wala hakutaja kitu. Ndiyo, na kila mwaka Asimina alikwenda kuungama kabla ya Pasaka, akamwambia padri habari za usengenyaji na kula jibini siku za mfungo, akapokea Komunyo na lile jambo likiwa limemkaa kooni. Miaka ishirini na minne! Wala hakuwahi kufikiri kwamba wale wawili wangekua, wangeonana, wangependana. Kijiji chenye nyumba sitini, alidhani watapenda nani?

Alhamisi asubuhi akaenda kwa Thimios. Alimkuta uani, ameinama juu ya beseni, mikono inang'aa utomvu mpaka viwikoni. Mkewe alikwisha kufariki. Stamatia alikuwa ndani, sufuria zinasikika.

"Karibu, dada Asimina," alisema bila kuinuka. "Nilikuwa najiuliza utakuja lini."

"Garufalia amenituma."

"Najua aliyekutuma. Nauliza wewe umeleta nini."

Asimina akaketi kwenye gogo. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, na sasa akayatoa, mabaya kama yalivyokuwa. Kwamba ulikuwa ubatizo wa hewani tu. Kwamba katika kitabu cha kanisa limeandikwa jina la mwalimu, na mwalimu hakuwa na mtoto. Kwamba hakuna aliyeona.

"Wewe uliona," alisema Thimios. "Na Mungu, sijui alikuwa wapi siku ile, lakini nadhani naye aliona, maana mtoto alipiga chafya." Akafuta mikono kwa gunia. "Dada, mimi nimemwinua kijana huyu mara tatu, nikampa jina. Mimi ni baba yake wa ubatizo. Mbele ya Kanisa, binti yangu ni dada yake. Unataka nimpe mtu dada yake amwoe, nicheze na ngoma, nile na keki?"

"Basi waambie! Waambie sababu, usikubali kuitwa kichaa."

Thimios akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Niwaambie kwa mdomo upi? Uliniapisha kwa wanangu. Nimekaa na yamini hiyo, Asimina. Kila Pasaka mtoto huletewa mshumaa na baba yake wa ubatizo. Mwalimu alimletea wa utepe wa buluu, mimi nasimama nyuma ya nguzo nimeshika wangu. Watu walidhani ni wa marehemu. Nimemwona anajifunza kutembea. Alivunjika mkono, nikasikia kwa watu. Siku alipokuja hapa na kofia mkononi kuniomba Stamatia, ndiyo mara ya kwanza kukaa naye meza moja, nami nikamfukuza." Akalitupa lile gunia. "Nimekosa nini mimi, dada? Nilikuwa napita tu."

Asimina alitaka kusema nisamehe, lakini neno lilionekana dogo mno, aliona aibu kulitoa. Akasimama kwa kushika ukuta, akaondoka.

Alikuwa hajafika kwenye kisima Stamatia akamkimbilia, kitambaa kimemwanguka shingoni.

"Bibi! Amekubali?"

"Bado, mwanangu."

"Basi na abaki na bado yake." Msichana alishusha sauti, macho yanawaka. "Nakwambia wewe kwa sababu wewe ni kama bibi yangu. Jumamosi tunaondoka. Feri ya saa nne, halafu basi mpaka Athene, huko kuna padri atakayetufungisha. Mwambie Mama Garufalia asilie, tutarudi wakishapoa."

"Stamatia, subiri kidogo—"

"Nimesubiri miezi mitatu, bibi! Baba ananitazama, analia, hasemi. Hata mbwa humfukuzi bila kumwambia toka." Akambusu mkono, akarudi mbio.

Asimina alibaki pale kisimani. Akinyamaza sasa, Jumamosi wale watoto wataoana juu ya dhambi ambayo hata hawaijui, na Thimios atakufa nayo peke yake. Akisema, anawaua kwa mkono wake, na jina lake litatupwa jalalani. Tena, tuseme kweli, lile la pili ndilo lililomtisha zaidi, na alijichukia kwa kulijua hilo. Akapiga moyo konde. Hakwenda nyumbani kwake; alipinda kona ya kinu, moja kwa moja mpaka kwa Garufalia, kabla magoti hayajabadili nia.

Aliwakuta mezani, saa ya chakula cha mchana. Garufalia alikuwa anapakua supu ya maharage, na Vretos amekaa mbele ya sahani yake kama mama yake alivyosema. Kijana mrefu, nyusi zimekutana.

"Enhe, bibi! Kasemaje gogo?"

"Keti, Garufalia. Weka upawa chini."

Akasimulia. Hakuketi, alisimulia amesimama, ameshika mgongo wa kiti. Alisema theluji, alisema uso wa buluu, alisema mara tatu kuelekea mashariki. Alipofika kwenye lile neno la mkono uliozika wawili, alilisema lote, hakupunguza hata silabi. Na yamini pia. Na robo saa, mtoto kwenye theluji mara ya pili, ili apite mtu ambaye yeye mkunga alimtaka. "Kila walichomwita Thimios, ni mimi," alimaliza. "Mimi ndiye niliyewafanyia hivi."

Supu ilikuwa inapoa. Garufalia alikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. "Nilikuletea mkate," alisema polepole. "Kila Jumamosi, miaka yote hii, nilikuletea mkate wa kwanza wa tanuri, kwa sababu ulimwokoa mwanangu."

"Ulinilisha bure. Si mimi niliyemwokoa."

Garufalia akamtazama mwanawe, kisha mlango, kisha akainamia meza na kunong'ona haraka haraka: "Sawa. Yamepita. Nani anajua? Sisi watatu na yeye, naye ameapa. Bibi, ulinyamaza miaka yote, huwezi kunyamaza na huu? Mwache mtoto aoe! Nitafunga mifungo yote, nitapanda kwa magoti mpaka monasteri, dhambi niandikiwe mimi."

Na Asimina, Mungu amsaidie, kwa kitambo alitamani kusema ndiyo. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, wangetoka wote.

"Alisugua mgongo wangu," alisema Vretos. Ndilo neno lake la kwanza. "Kisha?"

"Kisha alikupulizia pumzi. Ulikuwa umekwenda, mwanangu. Mimi mkunga, najua. Ulikuwa umekwenda."

"Na mwalimu alinikuta nalia, mzima."

"Mzima."

Vretos alifunika uso kwa mikono. Mabega yalimtikisika, na mama yake alipomgusa aliusogeza mkono wake taratibu, bila hasira. "Mama, nilimwita kichaa," alisema. "Jumapili, mkahawani, mbele ya watu. Nilisema mtu huyu hajui mtoto ni nini." Akasimama. Alichukua sabuni, akanawa uso kwenye karai, akachomekea shati vizuri, akatoka bila kofia.

"Unakwenda kumwambia Stamatia?" Garufalia akapaza sauti. "Vreto! Mwanangu!"

Hakugeuka. Asimina alimfuata, anaburuta magoti, na watu wa mkahawani waliwaona wakipita, kijana mbele, kikongwe nyuma, mmoja akauliza kwa utani kama mshenga wa nne kafanikiwa.

Alipofika kwenye lango la Thimios alikuwa amechelewa hatua ishirini. Stamatia alikuwa amemwona Vretos kutoka dirishani, ametoka mlangoni, anatabasamu uso mzima, anajifunga kitambaa, maana alidhani kaja kumtaka kwa baba yake mara ya mwisho. Thimios alikuwa palepale kwenye beseni. Aliinuka, akakunja uso, akatayarisha hapana yake.

Vretos alimpita Stamatia bila kumtazama. Akapiga magoti kwenye matope ya beseni, akaushika ule mkono wenye utomvu, akaubusu, akaugandisha kwenye paji la uso wake.

"Baba yangu wa ubatizo," alisema. "Nisamehe nimechelewa."

Mzee alitazama langoni akamwona Asimina, akaelewa. Ndipo akaweka mkono wa pili juu ya kichwa cha kijana, akamwita jina lake, Vreto, Vreto wangu, analia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na alikuwa na furaha. Haki ya Mungu, alikuwa na furaha.

Stamatia bado alikuwa na tabasamu, limemsahaulika usoni. "Kwa nini unamwita hivyo?" aliuliza. "Vreto? Kwa nini unamwita baba yangu hivyo?"

Vretos hakuinua kichwa. Msichana akamgeukia baba yake, baba akafumba macho. Basi akageuka kwa mtu pekee aliyebaki, yule bibi aliyesimama nje ya lango, aliyempokea yeye duniani, na lile tabasamu likaanza kuondoka. Asimina akasukuma lango, akaingia kumwambia.